Mabaka ya mimba, krimu ya kopo na moto wa jiko: jibu kwa mama wa Kariobangi

*"Daktari, hujambo. Nina miaka 36 na watoto wawili, wa pili ana miezi tisa na bado ananyonya. Nikiwa na mimba yake nilitoka mabaka meusi mashavuni na juu ya mdomo, kulia na kushoto sawasawa. Nilidhani yataondoka nikijifungua, hayakuondoka. Rafiki akanipeleka duka moja katikati ya jiji, nikachanganyiwa krimu hapo hapo na kutiliwa kwenye kopo lisilo na jina. Wiki mbili tu uso uling'aa hadi wateja wakaniuliza siri. Sasa ni miezi mitano. Nikikosa kuipaka siku mbili uso unawasha, unachoma na kutoka vipele. Mabaka yamerudi meusi kuliko yalivyokuwa, na juu ya mashavu kuna vidoadoa vya rangi ya majivu, kama vina samawati kidogo. Kidevuni kila chunusi ikipona inaacha doa. Shangazi ya mume wangu anasema ni ini. Mwenye saluni anasema nidungwe sindano ya kung'arisha au nipigwe leza. Nauza chapati, niko kwa jiko tangu saa kumi na moja alfajiri. Kupanga uzazi natumia kijiti cha mkononi. Je, ni ini? Nitoe kijiti? Na mtu mweusi kama mimi anahitaji kweli mafuta ya kukinga jua?"*

Dada yangu, si ini. Nalitanguliza hilo kwa sababu nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Ini likiugua hujitangaza vingine: macho hugeuka manjano, mkojo hukolea rangi, tumbo au miguu huvimba. Halichori mabaka mawili yanayolingana mashavuni. Wala si damu chafu, neno ambalo nalisikia kliniki karibu kila siku na ambalo limewanywesha watu wengi dawa chungu za bure. Shangazi usigombane naye, ana nia njema.

Linalonisumbua mimi ni kopo. Mabaka yanaweza kungoja mwezi mzima bila madhara. Kopo haliwezi.

Hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa hakika kilichomo bila maabara, lakini uso wako umeshasimulia mengi. Krimu inayotakatisha kwa wiki mbili, kisha ikawa haitaki kuachwa hata siku mbili, kwa kawaida ina steroidi kali. Steroidi yenyewe ni dawa halali; naiandikia wagonjwa wa ukurutu kila wiki. Inabana mishipa midogo ya damu, inatuliza uvimbe na kupunguza utengenezaji wa rangi, na ndiyo sababu ulipendeza haraka. Ikipakwa usoni kila siku kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa huanza kuonekana, vinyweleo huota, chunusi huzuka. Ngozi pia huizoea, ikawa ikikosa inawaka moto. Kwa hiyo ule mwasho wa siku ya pili si dalili kwamba uso wako unaihitaji krimu. Ni krimu yenyewe inayoufanya uwashe.

Vidoadoa vya majivu vinanifanya nishuku kitu cha pili, haidrokwinoni. Hii huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa rangi, na ikitumiwa kwa kipimo na kwa muda mfupi chini ya daktari inasaidia watu. Ikipakwa holela kwa muda mrefu, hasa juani, mabaki yenye rangi hujikusanya ndani kabisa ya ngozi, chini ya pale krimu inapofika. Hali hiyo inaitwa okronosisi. Inapenda mifupa ya mashavu, pembeni mwa macho na shingo, na ubaya wake ni kwamba mtu akiona weusi unazidi huongeza krimu, na krimu ndiyo inayouleta. Miezi mitano ni muda mfupi kwa okronosisi kukomaa, na rangi ya namna hiyo inaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hiyo sitaki kukuhukumu kupitia barua. Daktari akiangalia kwa lenzi maalum ya ngozi mara nyingi atatambua.

Cha tatu ni zebaki, na hapa namfikiria mtoto. Zebaki haina harufu ya kukushtua wala haiandikwi kwenye kopo la kuchanganyiwa. Hupenya ngozini na kwenda kwenye figo na neva. Nairobi tunaijua hadithi hii kitambo: mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi uliofanywa hapa kwa watu wazima waliokuwa wakivimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Leo zebaki, haidrokwinoni na steroidi zote haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini, na mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi ziondoe vipodozi vyenye zebaki sokoni. Makopo bado yanajazwa. Zebaki haibaki kwa aliyejipaka peke yake. Hushika taulo, foronya na mikono, na mtoto anayelaza shavu lake kwenye lako huipata.

Watu wakija kwangu na kisa kama chako huanza kwa kusema, "Daktari, niliuziwa krimu feki." Mimi nasema hapana. Uliuziwa krimu iliyofanya kazi, tena upesi, na huo upesi ndio uliotakiwa kukutisha.

Basi, iache leo. Kama umekuwa ukiipaka usoni tu, acha na uende kliniki wiki hii. Kama uliipaka mwili mzima, nenda siku hiyohiyo unayoacha, maana steroidi nyingi huingia kwenye damu na kuufanya mwili usinzie kutengeneza ile yake. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu, na hilo ni la hospitali bila kungoja foleni ya kliniki. Uso utachachamaa. Wiki za kwanza utawaka, utatoka vipele, na utatamani kurudi kwenye kopo. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi, sabuni isiyo na manukato mara moja kwa siku na mafuta ya mgando yasiyo na harufu vitakusitiri. Daktari anaweza kukupa marhamu ya kutuliza isiyo na steroidi, au steroidi dhaifu unayoipunguza kidogo kidogo. Fua foronya na taulo. Kopo usimpe rafiki, na tafadhali usilitupe motoni, kwa sababu zebaki ikipashwa huwa mvuke, nawe unapikia watu. Lifunike vizuri, litie ndani ya chombo kingine chenye kifuniko, uende nalo kliniki.

Sasa rangi yenyewe. Katika tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, na idadi yake inakaribiana kwa watu wote, weusi kwa weupe. Tofauti iko kwenye wingi wa melanini, ukubwa wa vifurushi vyake na jinsi vinavyosambazwa. Seli moja ya rangi hulisha majirani kama thelathini hivi, na ndani ya kila jirani melanini hujipanga juu ya kiini mithili ya mwavuli, kuzuia miale isiharibu vinasaba. Ni kinga, na kwetu sisi ni kinga iliyo macho sana. Ukiichokoza ngozi yetu, kwa chunusi, kwa kuungua, kwa kukwaruza, kwa wembe, kwa krimu kali, hujibu kwa kumwaga rangi. Uchokozi ukiwa wa juu juu, rangi hukaa juu na huondoka ngozi inapojibadilisha. Uvimbe ukiwa mkali, rangi hudondoka hadi tabaka la chini, ambako seli za ulinzi huimeza na kukaa nayo kwa miaka. Ya juu huonekana kahawia au nyeusi. Ya chini huwa na ukijivu. Ndiyo maana daktari mzuri hutazama rangi ya doa kabla ya kukuahidi chochote.

Ukishalielewa hilo utaona kwa nini kusugua hakusaidii. Doa si uchafu. Dodoki, jiwe, chumvi, dawa ya meno, magadi, vyote huchokoza. Limau ndilo baya zaidi: asidi yake inachoma, na maji yake yakikutana na jua yanaweza kutoa malengelenge yatakayoacha weusi mpya wa miezi. Manjano na liwa wanazojipaka wenzetu wa Pwani sina ugomvi nazo zikiwa safi na ngozi ikiwa nzima. Ila usizitegemee kufanya kazi ya dawa, na kwa uso wako wa sasa hata hizo ziache.

Usoni mwako, naamini, kuna mambo matatu kwa pamoja. Mabaka yaliyoanza na mimba ni melasma. Madoa ya kidevuni ni alama za chunusi. Vidoadoa vya majivu ni suala la krimu. Kila kimoja kina mwendo wake, na mtu atakayekuuzia kitu kimoja cha kuondoa vyote amekudanganya tayari.

Melasma huletwa na mambo matatu yakisaidiana: mwanga, homoni na urithi. Muulize mama au dada zako, huenda yupo aliyewahi kuwa nayo. Mimba huichochea sana, na kwa wengi hufifia ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Huenda yako nayo ingefifia, ila krimu iliingilia kati. Kijiti usikitoe kwa haraka. Njia zinazohusishwa zaidi na melasma ni vidonge vyenye estrojeni. Kijiti chako hakina estrojeni, na ushahidi dhidi yake ni hafifu. Ukikitoa ukapata mimba nyingine, umeikaribisha melasma kwa mlango mkubwa zaidi. Mabaka yakiendelea kukolea baada ya nusu mwaka wa tiba sahihi, hapo zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu koili isiyo na homoni.

Kuhusu jua, wewe si wa kwanza kuuliza kwa mshangao. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya miale inayobabua. Wanaokadiria huilinganisha na mafuta ya jua ya SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga hiyo), na saratani za ngozi zitokanazo na jua ni chache sana kwetu. Kwa hiyo sikuambii ujipake kwa hofu ya saratani, hofu hiyo imeandikiwa watu wengine. Nakuambia kwa ajili ya melasma. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Hewa ni nyepesi na jua liko utosini. Hata Julai tunapotetemeka chini ya mawingu, miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hupenya. Kioo cha matatu huzuia ile inayobabua lakini huruhusu sehemu kubwa ya ile inayokoleza rangi.

Tena kuna jambo ambalo mafuta mengi ya kukinga jua hayalishughulikii. Kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huchochea melasma. Mafuta yasiyo na rangi huupisha. Yanayouzuia ni yale yenye rangi ya kahawia, yaliyotiwa oksidi ya chuma, ambayo pia hayaachi ule weupe wa unga unaowafanya wengi waache siku ya tatu. Tafuta ya SPF 30 au zaidi, yenye rangi inayokaribia yako, kiasi cha kujaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kupata rangi inayotufaa madukani bado ni kazi, na bei ni ya kuumiza. Pesa zikikosekana, nunua kofia yenye ukingo mpana kwanza. Kofia haihitaji kurudiwa kila baada ya saa mbili.

Kwa alama za chunusi peke yake nisingekusukuma sana kwenye mafuta ya jua. Kwa melasma, bila kinga hiyo dawa zote ni kumwaga maji mtaroni.

Halafu kuna jiko, na hili nimelifurahia kwa kuwa umelitaja mwenyewe. Joto pia huchochea melasma. Tunaiona kwa wapishi na waokaji. Wewe unaanza kabla jua halijachomoza, ukiwa umeinamia kaango kwa saa kadhaa, na makaa yanakupiga usoni moja kwa moja. Sikuambii uache biashara. Inua meza ya kusukumia iwe mbali kidogo na moto, simama upande badala ya juu ya kaango, weka kikinga cha bati kuzunguka makaa ili joto lipande badala ya kukujia, na mkiwa wawili mpokezane kugeuza. Kama kibanda chako ni cha mabati matupu, gunia au turubai chini ya paa hupunguza joto la saa sita.

Dawa za mabaka zinaanza ngozi ikitulia, si kabla. Hapa watu wengi huharakisha na kuharibu. Upe uso wiki nne hadi sita za kupumzika kabisa. Kisha, kwa kuwa unanyonyesha, ningeanza na asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20. Inatuliza seli za rangi zilizochangamka kupita kiasi bila kukugeuza mweupe, inatibu chunusi za kidevuni, na inahesabiwa salama kwa mjamzito na anayenyonyesha. Anza usiku mmoja, ruka mmoja. Itawasha kidogo dakika chache, ni kawaida. Asubuhi niasinamidi ya asilimia 4 au 5 chini ya mafuta ya jua inasaidia kwa upole. Ukishamwachisha mtoto, daktari anaweza kuongeza tretinoini au adapalini ya usiku, ambazo hazitumiwi ukiwa na mimba. Ile krimu ya mchanganyiko yenye haidrokwinoni asilimia 4, ambayo kwa mgonjwa mwingine wa melasma ningeifikiria kwa miezi mitatu kisha ikapumzishwa, kwako sitaigusa hadi vile vidoadoa vijulikane ni nini.

Vipo pia vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, ambavyo kwa kipimo kidogo hufifisha melasma ya wengi. Huweza kugandisha damu, kwa hiyo mwenye historia ya damu kuganda, kiharusi au anayetumia vidonge vya homoni asivisogelee, wala visinunuliwe kemisti kwa kuelekezwa na jirani. Kwa sasa unanyonyesha, viache.

Sindano ya saluni ni ya glutathioni, mara nyingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi na imeonya dhidi yake. Ukidungwa na asiye mtabibu, kitu kisichojulikana, ndani ya mshipa, hatari haiko kwenye rangi tena. Kataa. Leza nayo si uongo, ila kwenye ngozi yetu ni silaha ya kushikwa na mikono yenye uzoefu. Joto lake lenyewe huweza kuacha weusi, na melasma ina tabia ya kurudi kwa hasira baada yake. Kwa ngozi iliyotoka kwenye steroidi miezi mitano, mtu yeyote anayekubali kukupiga leza mwezi huu hajakuuliza maswali ya kutosha. Vivyo hivyo kwa dawa za kubambua ngozi.

Utarajie nini? Madoa ya chunusi huchukua miezi sita hadi mwaka, upesi kidogo ukitumia dawa, mradi usiyatumbue mapya. Melasma itaanza kufifia mwezi wa tatu au wa nne na haitaahidi kutorudi. Mtu huishi nayo kwa kuidhibiti. Vidoadoa, kama ni okronosisi, huenda vikakaa miaka, vingine visiondoke. Sina njia tamu ya kulisema hilo. Piga picha ya uso kila mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Kuna weusi mwingine ambao haupaswi kutibiwa kwa krimu hata siku moja, na nautaja kwa kuwa barua yako itasomwa na wengine. Shingo iliyogeuka nyeusi na nene yenye mguso wa mahameli inataka kupimwa sukari. Ufizi, viganja na makovu yakigeuka meusi huku unakonda na kuishiwa nguvu, nenda hospitali. Doa la duara linalorudi palepale kila umezapo dawa za salfa ni mzio wa dawa. Na doa jeusi jipya chini ya wayo, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, ukaguliwe haraka, maana saratani ya seli za rangi kwetu hupenda sehemu hizo ambazo jua halifiki. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Wewe nenda na mtoto, kopo na majina ya dawa zote unazotumia. Waombe wakupime shinikizo la damu, mkojo kwa ajili ya protini, na wakushauri kuhusu kipimo cha zebaki. Ukivimba uso asubuhi, mkojo ukitoa povu, mikono ikitetemeka, au mtoto akiwa msumbufu kupita kawaida huku viganja na nyayo vimekuwa vyekundu na vinauma, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Duka lililokuuzia unaweza kuliripoti KEBS, shirika la viwango la Kenya, kupitia nambari ya bure 1545. Huhitaji kuanza na daktari bingwa wa kulipia: hospitali ya kaunti iliyo karibu itakuona na kukupa rufaa, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi. Kliniki nyingi za umma huona wagonjwa wa ngozi siku maalum tu za wiki, kwa hiyo piga simu uulize siku hiyo kabla hujafunga kibanda.